Mhuri Wasema Nini?

Wazee wetu walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni kweli. Lakini mali yaweza kupotea hata penye daftari, ikiwa mwenyewe hajui kilichoandikwa humo. Mwaka jana mzee mmoja wa kijiji chetu alinijia na karatasi yenye mhuri mwekundu. Alikuwa ametia dole gumba, akidhani ni hati ya deni dogo; kumbe jirani yake asema ni hati ya kuuza shamba la minazi. Akaniuliza, "Mwalimu, mhuri huu wasema nini?" Swali lake lilinikumbusha mambo ya zamani, nami nataka kuwaeleza ninyi wasomaji.

Desturi ya mhuri na mashahidi si ngeni. Katika Kitabu cha Yeremia twasoma jinsi nabii alivyonunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mwana wa ami yake, kwa shekeli 17 za fedha, wakati Yerusalemu ulipokuwa umezungukwa na jeshi la Babeli. Hati zilikuwa mbili: moja ilitiwa mhuri, ya pili ikaachwa wazi. Mashahidi wakatia majina yao, kisha zote mbili zikawekwa katika chombo cha udongo zipate kudumu. Tazameni busara yake: iliyo wazi yasomwa, na iliyofungwa yailinda.

Sasa tutazame hati nyingine, iliyofanywa katika nchi yetu. Tarehe 4 Novemba 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, mwenye umri wa miaka 28, alifika Unguja na wenziwe. Wakavuka hata Saadani, wakapanda bara, wakifanya mapatano na watawala wa Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami. Tarehe 29 Novemba walikuwa Msovero kwa Mangungu, ambaye vitabu vya shule humwita Mangungo. Hati ile, iliyoandikwa kwa Kijerumani, yasema kwamba Mangungu ametoa nchi yake yote pamoja na haki zake kwa chama cha Peters. Yasema pia kwamba Mangungu, alipoulizwa na mkalimani wa Peters, alijibu kuwa hamtii Sultani wa Unguja, wala hajui hata kwamba yuko. Mwisho yasema kuwa yote yalifanywa mbele ya mashahidi wengi.

Karatasi hizo zikapelekwa Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaizari akazitia nguvu kwa barua yake ya ulinzi. Seyyid Barghash alipinga. Lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Unguja, naye akakubali.

Wengi humcheka Mangungu kuwa mjinga. Mimi simcheki. Mwandishi alikuwa wa Peters, mkalimani wa Peters, lugha ya Peters. Hata maneno ya Mangungu tunayapata katika kalamu ya Peters. Hati ilikuwa na alama na mashahidi, lakini hapakuwa na mtu asiye na fungu aliyemwuliza mzee yule, "Je, umefahamu?"

Basi pengo hilo ndilo linalozibwa na mthibitishaji wa hati, ambaye kwetu Tanzania huwa wakili. Yeye hana fungu katika mapatano. Mhuri wake hausemi kwamba maneno ya hati ni kweli, wala kwamba bei ni ya haki. Wasema tu kwamba mtu huyu alifika mbele yangu, mahali hapa, siku hii, akatia mkono wake. Na ukiona mhuri wa nakala halisi, maana yake nakala yafanana na ile ya asili, basi. Ikiwa ya asili ni ya uongo, nakala nayo ni ya uongo.

Kwa hiyo usitazame rangi ya mhuri. Soma maneno yaliyo karibu nao. Jina la mthibitishaji li wapi? Mahali na tarehe je? Aliyetia mkono alijulikana kwake, au alitambulishwa na nani? Kama hajui kusoma, je, imeandikwa kwamba alisomewa kwa lugha anayoifahamu?

Nilimsomea mzee maneno hayo polepole. Hati ilisema kwamba alifika mbele ya wakili mjini, tarehe fulani. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mwezi huo nilikuwa kitandani, mguu umevimba. Mjini sikwenda."

Nikamwambia, "Basi, baba, usiulize tena mhuri wasema nini. Nenda mahakamani ukaseme wewe." Akaikunja karatasi yake, akaenda. Shauri halijakatwa bado. Lakini safari hii mwenye shamba anajua kilichoandikwa.