Roketi Zilizolishwa Shambani

Chombo cha kwanza kilichoundwa na binadamu kufika anga za juu kilipaa kwa nguvu ya pombe. Ilikuwa Juni 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, na chombo chenyewe kilikuwa V-2, roketi ya jeshi la Ujerumani iliyorushwa wima hadi ikafika kilomita 176 kutoka ardhini. Tangi lake moja lilijaa oksijeni ya kimiminika. La pili lilikuwa na pombe kali iliyozimuliwa kwa maji, na malighafi kuu ya pombe hiyo ilikuwa viazi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba V-2 moja ilikunywa pombe ya tani 30 za viazi. Mkulima wa Molo au Mau Narok atapiga hesabu haraka: magunia 600 ya kilo 50, kwa safari ya dakika chache.

Wakati huo raia wa Ujerumani walikuwa wakipimiwa chakula kwa kadi, na wafungwa waliolazimishwa kuunda roketi hizo katika mahandaki ya Mittelwerk walikuwa wakifa kwa maelfu, wengi kwa njaa na sulubu. Viazi vilipita juu ya vichwa vya watu waliovihitaji.

Kwa hiyo anayeuliza leo kama roketi inayoruka inaweza kutengenezwa kwa viungo vya jikoni anagusa jambo la zamani. Kwa karne nyingi roketi zimekula kutoka ghala lile lile tunalokula sisi. Na kama ni ghala, Nakuru na Bonde la Ufa la kati halikosi kitu: viazi vya Molo, ngano ya Njoro, kabichi za Bahati, magadi ya maziwa ya chumvi. Kilichochelewa kufika Kenya ni ufundi wa kuviunganisha.

Wanga, shura na karatasi

Wachina waliorusha mishale ya moto katika karne ya 13 walitumia baruti, mchanganyiko wa makaa, salfa na shura. Shura ndiyo iliyobeba oksijeni ya kuwasha vile vingine viwili. Chumvi hiyo hiyo, ambayo wanakemia huiita potasiamu naitreti, imetumiwa kwa karne nyingi kuhifadhi nyama isioze na kuipa ule wekundu wa soseji. Siku hizi huyeyushwa pia katika maji ya mbolea yanayodondoka kwenye mashina ya mimea ya vitalu, yakiwemo mashamba ya maua kama yale yanayolizunguka Ziwa Naivasha.

Mafundi wa fataki walichukua mengine jikoni. Bomba la fataki lilikuwa karatasi iliyoviringishwa na kubandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Chembe za baruti zilishikanishwa kwa wanga wa mchele. Hata leo viwanda vya fataki hutumia dekstrini, ambayo ni wanga wa mahindi au viazi uliokaangwa.

Kutoka Asia ufundi huo uliingia katika majeshi ya Ulaya, na hatimaye ukafika upande wetu wa dunia. Mwaka 1868 kikosi cha wanamaji wa Uingereza kilifyatua roketi dhidi ya jeshi la Mfalme Tewodros huko Magdala, Ethiopia. Baadhi ya Waafrika wa kanda hii waliijua roketi kwanza kama kitu cha kurushiwa.

Kabichi, peremende na chang'aa

Roketi ya kwanza ya fueli ya kimiminika iliruka tarehe 16 Machi 1926 katika shamba la jamaa wa Robert Goddard, mwalimu wa fizikia wa Massachusetts, Marekani. Ilipanda mita 12 hivi, ikakaa angani sekunde mbili na nusu, ikaangukia kwenye kabichi. Goddard alitumia petroli, lakini warithi wake walirudi kwenye pombe. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, alipandishwa Mei 1961 na roketi ya Redstone, iliyochoma pombe na oksijeni kama V-2 iliyoizaa.

Watu wasio na serikali nyuma yao walitafuta njia ya bei nafuu. Katika miaka ya 1940 wapenzi wa roketi nchini Marekani walianza kuchanganya shura na sukari ya kawaida. Kanuni yake ni rahisi kueleza. Sukari ina kaboni na haidrojeni, vitu vinavyowaka. Shura ina oksijeni ya kuviwasha. Sukari ikipata joto huyeyuka, ikipoa huganda, na kwa hiyo yenyewe inakuwa fueli na gundi kwa wakati mmoja. Matokeo yake yanafanana na peremende ngumu, na Wamarekani waliyapa jina la peremende. Nguvu yake ni karibu nusu ya ile ya fueli yabisi ya kisasa, lakini inatosha kurusha bomba jembamba hadi lisionekane kwa macho.

Kitabu cha Bertrand Brinley cha mwaka 1960 kiliisambaza habari hiyo kwa vijana wa shule. Lakini vijana mashuhuri zaidi walianza kabla ya kitabu hicho: Homer Hickam na wenzake wa Coalwood, mji wa wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, walioiona setilaiti ya Sputnik ikipita Oktoba 1957 na kuamua kurusha ya kwao. Walianza na baruti, wakapitia sukari, wakaishia na unga wa zinki na salfa uliokandwa kwa pombe haramu ya milimani, ambayo kwetu tungeiita chang'aa. Mwaka 1960 walipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi, na Hickam baadaye akawa mhandisi wa NASA. Filamu ya 1999 iliyotokana na kumbukumbu zake imewafanya vijana wengi duniani waitazame bakuli la sukari kwa jicho jingine.

Jicho hilo lina hatari yake. Mchanganyiko huo ukiwashwa hauzimiki, na hatua ya kuupasha joto imewaunguza watu wengi waliodhani wanapika. Nchini Kenya kutengeneza vilipuzi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na anga lenyewe liko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA). Mambo haya hufanywa chuoni, chini ya wasimamizi wenye kibali. Anayeyajaribu nyuma ya nyumba anacheza na vidole vyake na uhuru wake.

Rubani aliyeacha shule ya ng'ombe

Njoro, kilomita chache magharibi ya Nakuru, ina historia yake ya kuruka, nayo imefungamana na unga. Mwaka 1908 Lord Delamere, mlowezi aliyehangaika na ngano ya Njoro iliyoliwa na kutu, alianzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga. Karibu yake Charles Clutterbuck alikuwa na kinu chake. Bintiye, Beryl Markham, alikulia hapo kati ya farasi na magunia, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Kanada, akielekea magharibi dhidi ya upepo.

Jirani mwingine alikuwa Maurice Egerton. Huyu alipata mwaka 1910 cheti nambari 11 cha urubani cha Royal Aero Club, wakati marubani wa Uingereza wote wangeweza kuketi meza moja, na aliwajua ndugu Wright. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alihamia Kenya na kujitwalia ardhi kubwa Ngata, katika bonde ambalo Wamaasai walikuwa wamehamishwa kufuatia mkataba wa 1904. Ngome yake ya mawe, iliyojengwa kati ya 1938 na 1954, bado inatembelewa na wanafunzi na maharusi. Lakini alama yake kubwa ni shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa kizungu, ambayo mwaka 1950 ikawa chuo cha kilimo, baadaye ikafungua milango kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Rubani huyo hakuacha kiwanja cha ndege. Aliacha mahali pa kufundishia ngano, maziwa na mbolea. Kwa karibu karne nzima, anga na chakula vimeishi Njoro kama majirani wasiotembeleana.

Roketi zilizokuja ndani ya masanduku

Kenya ilipata kituo cha kurushia roketi mapema kuliko nchi nyingi tajiri. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alitafuta mahali karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa na kuipa roketi msukumo wa bure. Alichagua bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Nakuru iko karibu zaidi na ikweta, maana mstari wenyewe unapita Mogotio, mwendo mfupi kaskazini. Lakini roketi hudondosha mapipa yake matupu njiani, na ni heri yaangukie samaki kuliko paa za watu.

Kutoka majukwaa ya Ngomeni setilaiti tisa zilirushwa kati ya 1967 na 1988. Moja yao, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengewa utafiti wa miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi zote tisa zilikuwa za aina ya Scout, zenye fueli yabisi, zilizoundwa Marekani na kuletwa kwa meli. Kenya ilitoa bahari, ikweta na jina.

Hali ilibadilika kidogo kidogo. Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka 2017. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, na Aprili 2023 Taifa-1 ikapaa kutoka California. Setilaiti zilikuwa zetu, usafiri ukabaki wa watu wengine.

Usafiri wenyewe umeanza kushughulikiwa Juja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha JKUAT, katika mradi wao wa Nakuja, wamebuni na kurusha roketi ndogo zenye mota yabisi ya shura na sukari, ile ile familia ya peremende ya Coalwood. Wanatengeneza bomba, mapezi, parachuti na vifaa vya elektroniki vya kupima mwinuko. Roketi hizo haziwezi kubeba setilaiti. Zinawafunza vijana kile ambacho sanduku la Scout halikuwahi kukifunza: kwa nini moto ulizimika, kwa nini pezi lilivunjika, kwa nini parachuti ilichelewa.

Kinacholiwa na kinachoruka

Je, roketi yote inaweza kuliwa? Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha EPFL cha Uswisi walionyesha ndege ndogo isiyo na rubani yenye mabawa ya biskuti za mchele zilizounganishwa kwa jelatini, kwa wazo la kumpelekea mtu aliyepotea chakula ambacho ni ndege yenyewe. Bawa lake lilikuwa na takriban kalori 300, kiasi cha kifungua kinywa. Walichagua biskuti za mchele kwa sababu ni nyepesi na ngumu, sifa mbili ambazo mhandisi wa ndege huzitafuta katika povu la plastiki. Kujua jinsi ngano au mchele unavyokauka, unavyovimba na unavyovunjika ni kazi ya kila siku ya idara ya teknolojia ya chakula, na Egerton inayo.

Msukumo ndio kikwazo. Peremende ya shura hailiki tena ikishachanganywa, na haifai kuwa karibu na mtoto. Lakini Bonde la Ufa lina kiungo kingine. Magadi ambayo akina mama hulainishia maharagwe na mboga za kienyeji, yanayovunwa kwa wingi Ziwa Magadi kusini mwa bonde, yakikutana na siki au maji ya ndimu hutoa gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ikisukumwa nyuma kupitia tundu dogo, chupa huenda mbele, kwa sheria ile ile ya Newton iliyoinyanyua V-2. Itapanda mita chache tu, bila moto. Mapezi yanaweza kuwa ya biskuti ngumu, pua ikawa ya sukari iliyogandishwa, gundi ikawa uji. Kitakachobaki kisicholiwa ni chupa, kwa sababu bado hakuna mkate unaostahimili shinikizo hilo.

Klabu ya sayansi ya shule yoyote ya Nakuru inaweza kuianza kazi hiyo muhula huu, mwalimu akiwa kando na kila mtoto akiwa na miwani ya kukinga macho. Wapime uzito, wapime pembe ya mapezi, waandike kila mrusho. Goddard alianza na mita 12.