Washairi Watatu na Mashine ya Dola

Riwaya za distopia, yaani zile ziusawirio mustakabali ulioahidiwa kuwa pepo ukageuka gereza, aghalabu hukumbukwa kwa vyombo vyake: kioo kimchunguzacho mtu chumbani mwake, chupa za kukuzia watoto, vidonge vya kusahaulisha dhiki. Lakini katika tatu zilizo mashuhuri zaidi, kila moja yumo mshairi. Habari za washairi hao zaonyesha, kuliko vyombo vyenyewe, dola iliyoihodhi sayansi humtaka nini binadamu.

Wa kwanza ni R-13, katika riwaya ya Mrusi Yevgeny Zamyatin iitwayo *Sisi*, iliyoandikwa 1920 na 1921. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Mwaka 1916 alipelekwa Uingereza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunjia barafu. Mashine hazikumtisha. Kilichomtisha ni mtu kufanywa tarakimu. Katika nchi aliyoibuni watu hawana majina ila herufi na namba; hukaa katika nyumba za vioo, huamka, hula na hulala kwa ratiba moja, kwa kufuata mafunzo ya Frederick Taylor, Mmarekani aliyezipima kwa saa kazi za viwandani. R-13 ni mtumishi wa dola hiyo, na miongoni mwa kazi zake ni kuitia hukumu ya kifo katika beti. Mwishowe dola yagundua dawa ya uasi: kuuunguza kwa miale ubunifu ulio ubongoni. Riwaya hiyo ilizuiwa kwao. Ikatoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, na Urusi ya Kisovieti haikuichapa hadi 1988, miaka 51 baada ya mtunzi wake kufia Paris.

Wa pili ni Helmholtz Watson wa Aldous Huxley, katika riwaya ya 1932. Huko miaka huhesabiwa tangu 1908, lilipotoka gari la Henry Ford la Model T, na watu hutotolewa kama bidhaa, daraja zao zikiwa zimekwisha kupangwa. Helmholtz hutunga misemo ya kunong'onezwa watu usingizini. Siku moja awasomea wanafunzi wake beti za kuusifu upweke, nao wamshitaki. Hapigwi wala hauawi: ahamishiwa kisiwani. Naye achagua kisiwa chenye pepo kali na tufani, akiamini kuwa huko ataandika vyema zaidi.

Wa tatu ni Ampleforth wa George Orwell. Orwell aliihakiki *Sisi* mwaka 1946, na riwaya yake mwenyewe, aliyoiandika kwa sehemu kubwa katika kisiwa cha Jura, Uskochi, ikatoka 1949. Ampleforth huzirekebisha tungo za kale zilingane na matakwa ya Chama. Afungwa kwa kuliacha neno "Mungu" mwishoni mwa mshororo, kwa kuwa hakupata neno jingine la kukamilisha kina. Msomaji wa mwambao, aijuaye taabu ya vina, hatamcheka. Kina kina sheria yake, isiyopokea amri ya Chama. Na aliyeitii sheria hiyo, hata kwa woga, alikwisha kuasi.

Ubunifu, upweke, na neno lisilokubali kubadilishwa: hayo ndiyo matatu yaliyoondolewa, kila dola na lake. Ushairi hauwi bila ya yote matatu. Ndiyo maana waandishi hawa, kila mmoja kwa wakati wake, walipotaka kupima kina cha utumwa walimweka mshairi ndani yake.

Orwell aliongeza jambo moja ambalo leo si ndoto tena: mashine itungayo nyimbo za kuwaliwaza makabwela pasi na mkono wa mtu. Programu za kompyuta zitungazo beti sasa zipo. Lakini katika riwaya hiyo, mwanamke anikaye nguo uani auimba wimbo mmojawapo kwa sauti ya kujaa kifua, na ule upuuzi wa mashine wakaribia kuwa mtamu. Mashine haikumdhuru kwa kumpa wimbo. Aliyemdhuru ni yule aliyehakikisha kuwa hana mwingine wa kuimba.