Unataka kutoa drami za nyuma kwa pikapu ufiti diski? Hii ndiyo kazi yenyewe, na mahali wengi huchoma

Kama uko na Hilux ama D-Max ya kubeba mzigo, inama kidogo ucheki tairi. Mbele utaona diski. Nyuma, kwa nyingi ya hizi gari zenye ziko kwa barabara zetu, utaona drami, kile kibakuli cha chuma kimefunika kila kitu. Na lazima kuna beshte mtaani ashakuambia, "Buda, toa hiyo kitu ya kizamani, weka diski kote, gari itakuwa inasimama papo hapo."

Kazi inawezekana, na kuna mafundi huifanya ikatoka safi. Shida ni kwamba hiyo ya kusimama papo hapo ndiyo faida ndogo zaidi.

Ukikanyaga breki, uzito wa gari hukimbilia mbele. Pua inainama, mkia unakuwa mwepesi. Pikapu ikiwa tupu, huko nyuma hakuna kitu cha maana kinachokandamiza tairi, kwa hivyo breki za mbele ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ukiongeza nguvu nyuma bila mpango, tairi za nyuma zitafunga kabla za mbele hazijafunga, na mkia utataka kukupita. Jaribu kuwaza hiyo ukiteremka Mai Mahiu na lami imelowa.

Sasa diski inasaidia wapi? Kwa joto. Msee anayetoa miraa Meru na kushuka kwenye daraja la Nithi, ama anayebeba waru kutoka Kinangop, hukanyaga breki mara nyingi sana kwa mteremko mmoja. Drami ikipata moto hupanuka, inasonga mbali na breki shuu zilizo ndani, na pedali inaanza kwenda chini polepole. Diski iko wazi kwa upepo, inapoa haraka, na ikipanuka inasongea padi badala ya kuzikimbia. Ukivuka mto ama dimbwi pia, diski hujikausha kwa mizunguko michache, lakini drami hukaa na maji na matope ndani kama sufuria. Tena padi unaziangalia tu ukitoa tairi, hakuna kugonga drami na nyundo nusu saa.

Ndio maana hata kampuni zimeanza kubadilika. Ranger Raptor ilitoka 2018 ikiwa na diski nyuma, na Toyota iliziweka kwa Hilux Rogue ya Australia mwaka wa 2022. Lakini hao walibadilisha mfumo wote wa breki, si kona mbili tu.

Drami nayo si fala. Shuu ikigusa drami inayozunguka, ule mzunguko unaivuta ijikaze zaidi. Yaani gari yenyewe inakusaidia kukanyaga. Diski haina hiyo msaada, inategemea presha ya mafuta peke yake. Ukishaelewa hapo, utaelewa mbona kazi nyingi za haraka huacha pedali ikiwa laini na gari ikisimama vibaya kuliko kitambo.

Kabla hujatoa doo, kwanza fungua drami ulizo nazo. Mara nyingi utapata kile kifaa cha kujirekebisha kimeshika kutu, sili ya ekseli inavuja na kuloweka shuu na oili, ama drami imelika kupita kipimo kilichoandikwa juu yake. Hizo tatu zikirekebishwa, kuna watu hawaongei tena kuhusu diski.

Kama bado unataka, kazi iko hivi. Ekseli zote mbili lazima zitoke. Kwa Hilux, ile sahani ya nyuma inayoshikilia shuu imebanwa pamoja na beringi, na beringi imeingizwa kwa presi, kwa hivyo fundi asiye na presi ya maana asianze. Mwambie aweke beringi na sili mpya hapo hapo. Halafu inakuja braketi ya kushika kalipa. Hiyo inafaa kufungwa kwa bolti kwenye mashimo ya ile sahani, ikatwe kwa kipimo kutoka kwa chuma kizito. Ukiona mtu anataka kuichomelea kwa ekseli kwa kukadiria na macho, chukua gari yako uende. Kama gari ina ABS, sensa na pete yake lazima zirudi mahali zilikuwa, kwa umbali ule ule. Na ubebe rimu zako ukienda kununua kalipa, juu rimu ndogo inaweza kukataa kuingia.

Kalipa ikitoka Grogan, cheki nipo ya kutoa hewa. Lazima iangalie juu. Ikiangalia chini, ujue ya kulia imewekwa kushoto, na hewa haitaisha hata mkikanyaga pedali mpaka jioni. Hili kosa ni dogo lakini limetesa watu.

Kalipa pia humeza mafuta mengi kuliko silinda ndogo ya drami. Pedali ikienda mbali sana, huenda ukahitaji masta silinda kubwa, na hiyo nayo hufanya pedali kuwa ngumu. Kwa gari za zamani, masta inaweza kuwa na kivalvu kinachobakisha presha kidogo kwa laini ya drami. Kikiachwa humo, padi zitakuwa zinasugua diski safari nzima, na utazipata zimeungua.

Kuna valvu nyingine ambayo wengi hawaijui. Iko kwa chesi karibu na ekseli ya nyuma, na kafimbo kake kameungwa kwa ekseli. Mzigo ukikalia springi, kafimbo kanasonga na valvu inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari ikiwa tupu, inapunguza. Sasa hapa kwetu tunapenda kuongeza majani ya springi ili gari isilale. Ukifanya hivyo na usirekebishe kafimbo, valvu inadhani gari ni tupu hata ukiwa na gunia za waru mpaka juu. Kwa hivyo kabla ya kulaumu drami, cheki hiyo. Na ukifiti diski, inafaa kusetiwa upya. Kuitoa kabisa ndiyo njia rahisi ya kufanya mkia ukupite.

Tukuje kwa handbreki, juu hapa ndipo niliumia. Pikapu ya bro wangu ilifitiwa diski nyuma, kalipa mzuri tu, lakini bila handbreki. Fundi alisema aweke gia na jiwe. Siku moja tuliipaki kwa kamteremko Kimende, gia ikaruka, jiwe likateleza, na gari ikarudi nyuma mpaka kwa kibanda cha mama mboga. Mama alikuwa ameenda kutafuta chenji. Tulilipa kibanda na nyanya, na tukarudi nyumbani bila kuongea.

Handbreki inakuja kwa njia mbili. Kuna kalipa yenye mkono wake ambayo kebo huivuta, na kuna diski yenye kadrami kadogo katikati na shuu ndogo ndani. Ya pili hushika vizuri zaidi kwa gari ya mzigo. Ukichukua ya kwanza, jua pistoni yake nyingi hurudishwa kwa kuzungushwa, si kwa kusukumwa na klempu. Fundi akiisukuma kwa nguvu, ameiua. Kwa ukaguzi wa NTSA handbreki pia hupimwa, na bima yako iambie umebadilisha breki kabla wao hawajagundua wenyewe.

Siku ya kutoka gereji, mafuta ya breki yawe mapya, ya kopo ambalo halijafunguliwa, maana hunyonya unyevu na kuanza kuchemka mapema. Tafuta barabara tupu, pandisha mpaka 50 kwa saa, shuka mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa padi zikae. Halafu ikiwa tupu, kanyaga kwa nguvu mahali pasipo watu huku mtu akitazama kutoka kando. Za nyuma zikifunga kwanza, rudi kwa fundi. Mwisho pakia mzigo wako wa kawaida, panda kilima, vuta handbreki, toa gia na uhesabu dakika tano ukiwa bado ndani, mguu ukiwa karibu na pedali.