Angella Okutoyi: Dem wa Kenya Aliyebeba Wimbledon

Kama uko Frere Town na unadhani tenisi ni ya wadosi tu, cheki hii.

Angella alizaliwa Januari 2004. Mamake aliaga akijifungua, akaacha mapacha. Shosho yao, aliyefanya kazi ya usafi shuleni Nairobi, ndiye aliwalea.

Januari 2022, Australian Open ya vijana, akawa dem wa kwanza Mkenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana. Alifika raundi ya tatu.

Julai hiyo hiyo akabeba Wimbledon ya wasichana, wawili wawili, na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walianza wakilemewa, wakamaliza 3-6, 6-4, 11-9 dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Huyo Mboko ndiye alishinda Canadian Open ya wakubwa 2025, kwa hivyo usiseme walipata mteremko.

Mbona basi 2023 akaenda Auburn University, Marekani? Mazee, ukicheza tenisi ya kulipwa, ndege, hoteli na kocha ni juu yako. Doo ikiisha, talanta inakaa nyumbani. Chuo kinakupa kocha na mechi ukisoma.

Na hakupotea: Machi 2024 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika, Accra.

Mtoto wako akiomba raketi, usimcheke.