Masasi, mji uliochomwa mara mbili

Novemba 2026 Masasi inatimiza miaka 150 tangu Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA awasili na kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Unguja. Bila shaka kutakuwa na ibada, hotuba na wageni. Swali ni wageni hao wataonyeshwa nini, na kama kuta watakazosimama chini yake ni salama.

Steere hakuikusudia Masasi. Alitaka kuwarudisha watu wake karibu na Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitoka. Walipanda kutoka Lindi, na walipoingia kati ya vilima vya mawe wakaona hapa panatosha. Mwaka uliofuata akaja mmisionari Chauncy Maples.

Kisha ukaja mwaka 1882. Agosti 27 Steere alifariki Unguja. Haikupita hata mwezi, na Septemba hiyo wapiganaji wa Kingoni, Magwangwara kama walivyoitwa huku, walishuka kutoka upande wa Songea. Kijiji kikateketezwa. Wako waliouawa, na wako waliochukuliwa mateka: watu waliokwisha kuokolewa utumwani mara moja. Maples akawahamishia wengi wa walionusurika Newala, kwenye himaya ya Matola, chifu wa Wayao.

Maandishi ya misheni huusimulia mkasa huu kama jaribu la Maples. Ni sawa, lakini mwenyeji alikuwa Matola. Kuwapokea watu wanaowindwa na Magwangwara kulikuwa kuwaalika Magwangwara wenyewe, naye aliwapokea. Kama kuna sanamu inayostahili kusimama Newala, ni ya huyu.

Masasi ilijengwa upya, ikachomwa tena Agosti 1905 katika Vita vya Maji Maji, wamisionari wakakimbilia pwani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipiga kambi Newala, akirekodi nyimbo na kupiga filamu za ngoma, na kukusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Mmakonde wa Newala wa leo anayetaka kuviona atafute nauli ya Ujerumani.

Dayosisi ya Masasi ilianzishwa 1926. Trevor Huddleston, mpinzani maarufu wa ubaguzi wa rangi, alikuwa askofu wake kuanzia 1960 hadi 1968. Rais Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938 na akazikwa hukohuko 2020.

Vivutio, basi, vipo. Vilima vya Masasi ni miamba migumu ya kale. Newala ni habari nyingine: mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa mchanga uliogandamana, na boma la Wajerumani liko karibu na Shimo la Mungu, genge ambalo mtu akisimama juu yake huona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Mgeni hupenda kusogea ukingoni apige picha. Ardhi ya namna hiyo ndiyo humomonyoka, na ndiyo ya kuangaliwa kwanza ikitikisika.

Tetemeko kusini? Watu hucheka. Septemba 10, 2016, wakazi wa Kagera nao hawakuwa wakilitarajia tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoua watu wasiopungua 17 na kuiharibu vibaya shule kongwe ya Ihungo. Agosti 12, 2020 chini ya bahari mashariki mwa Dar es Salaam likatokea jingine, la ukubwa wa takriban 6. Mkoa wa Mtwara, zilimo Masasi na Newala, umetazamana na bahari hiyohiyo, na majengo ya kale ya mawe yasiyofungwa kwa nondo hayahitaji tetemeko kubwa ili yapasuke.

Kupaka chokaa ukuta wenye ufa kabla ya sherehe ni rahisi, na ndiko tulikozoea. Kazi ya maana ni kumwita mhandisi na mtaalamu wa mambo ya kale wakague makanisa, boma na nyumba za misheni, kisha waseme wageni waishie wapi na waelekezwe wapi ardhi ikitikisika. Halmashauri za Masasi na Newala, pamoja na dayosisi, bado zinaweza kuanza kabla ya Novemba.