Robert Koch: Kiburi cha Daktari na Macho ya Watu wa Ssese

Mwaka 1906 mitumbwi ilianza kuwafikisha wagonjwa Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Wengine walijikongoja wakishikiliwa na ndugu zao. Wengine walibebwa, maana malale yalikwisha kuwafikisha pale ambapo mtu husinzia hata chakula kikiwa mdomoni. Tangu madaktari wa misheni ya Mengo walipoyatambua malale mwaka 1901, ukanda wa ziwa ulikuwa umepoteza watu wanaokadiriwa kufikia laki mbili, na vijiji vizima vya Busoga na Buganda viligeuka mahame. Sasa ikavuma habari kwamba Bugala yuko daktari Mzungu mwenye dawa. Aliyezika watoto wake wote haulizi dawa imetoka wapi.

Daktari huyo alikuwa Robert Koch, Mjerumani wa miaka 62, ambaye miezi michache kabla, Desemba 1905, alikabidhiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Wanafunzi wa biolojia wanamjua kwa kanuni zenye jina lake, zile zinazoeleza jinsi ya kuthibitisha kuwa kijidudu fulani ndicho kiletacho ugonjwa fulani. Yaliyotokea Bugala hawafundishwi, na ninaamini mtu hawezi kusema anamjua Koch kama hajui ya Bugala.

Ukuu wake haukuwa wa kubuni. Akiwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, bila maabara ya maana, alifuatilia maisha ya kijidudu cha kimeta hadi akakithibitisha mwaka 1876. Jioni ya Machi 24, 1882 alisimama mbele ya wanasayansi wa Berlin akawaonyesha bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati huo inakadiriwa uliua mtu mmoja kati ya kila saba. Mwaka uliofuata alikwenda Misri, kisha India, kukisaka kijidudu cha kipindupindu. Alirudi akapokewa kama jemadari aliyetoka vitani. Hakuwa amefikisha miaka 41.

Baada ya hapo ikawaje? Hilo ndilo swali lililomtafuna. Kule Ufaransa Louis Pasteur, mpinzani aliyemchukia waziwazi, mwaka 1885 alikuwa amepata chanjo ya kichaa cha mbwa. Pasteur alikuwa na tiba mkononi, na mwaka 1888 Paris ikamfungulia taasisi yenye jina lake. Koch alikuwa amegundua viini vya maradhi, lakini hakuwa ameponya mtu. Akajifungia katika maabara, na Agosti 1890, katika mkutano wa kimataifa wa matibabu uliofanyika Berlin, akatangaza kwamba amepata kitu cha kuuzuia ugonjwa wa kifua kikuu katika miili ya simbilisi. Novemba akatangaza kwamba kinawafaa binadamu. Muundo wake aliufanya siri.

Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka Ulaya nzima, wengine wakafia njiani au katika vyumba vya kupanga. Hospitali zilidunga sindano hiyo bila kujua ndani mna nini. Kwa nini siri? Barua zake kwa serikali ya Prussia zinajibu: alitaka ajengewe taasisi yake, na alipiga hesabu ya faida ya mark milioni 4.5 kwa mwaka kutokana na dawa hiyo. Hedwig Freiberg, msichana wa miaka 17 aliyekuja kuwa mke wake wa pili, alisimulia baadaye kwamba Koch alimjaribia sindano hiyo huku akimtahadharisha kuwa huenda angeugua sana, ila hangekufa.

Daktari mmoja kijana kutoka Uingereza alifunga safari kwenda kujionea, akarudi akiandika kwamba ushahidi bado ni mchanga. Alikuwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Januari 1891 Rudolf Virchow, bingwa wa kupasua maiti, akaeleza aliyoyaona katika miili ya watu waliodungwa: ugonjwa haukuwa umepona, na kwa baadhi yao ulikuwa umesambaa zaidi. Hapo ndipo Koch alipolazimika kusema kilichomo. Tuberkulini, ile dawa ya ajabu, ilikuwa dondoo ya bakteria wenyewe iliyotayarishwa kwa gliserini. Makelele yalipozidi alikuwa amekwenda Misri. Taasisi aliyoitaka alijengewa vilevile, ikafunguliwa mwaka huohuo wa 1891.

Huo ndio mwenendo ninaotaka msomaji auangalie: kutangaza kabla kazi haijaiva, kuficha kinachoweza kuhojiwa, kisha kuwa safarini siku ya hesabu. Mwaka 1901 aliushangaza mkutano wa London kwa kudai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa binadamu, na kwamba hapakuwa na haja ya kuhangaika na maziwa. Waingereza waliunda tume. Tume ikathibitisha kuwa watoto wanaambukizwa kwa maziwa. Mwaka 1908, katika mkutano wa Washington, Koch alikuwa bado anabisha.

Berlin ilipomchosha, aligeukia makoloni. Mwaka 1897 alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuishughulikia tauni ya Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ambayo wenyeji waliiita rubwunga. Wajerumani wenyewe waliandika kwamba watu wa huko walijua panya wakianza kufa basi tauni iko mlangoni, na waliyahama makazi yao. Maarifa hayo yalikuwepo kabla ya hadubini kufika, lakini sifa ya kuitambua tauni ya Kiziba ilimwendea Koch.

Ndivyo alivyofika Ssese mwaka 1906, akiwa na ujumbe wa serikali ya Ujerumani. David Bruce alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1903 kwamba malale huenezwa na mbung'o. Kilichobaki kuwaniwa kilikuwa tiba. Koch alichagua atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake, ambayo watafiti wa Liverpool walikuwa wameijaribu kwa wanyama. Alianza kwa kudunga nusu gramu, siku mbili mfululizo, akirudia baada ya siku kadhaa. Vimelea vya malale vilitoweka katika matezi ya shingoni ndani ya saa chache. Waliolala waliamka, waliobebwa wakasimama. Wagonjwa waliongezeka hadi kupita elfu moja, na Koch akaandika Berlin akiilinganisha atoksili na kwinini kwa malaria.

Lakini kwa wengi vimelea vilirudi. Daktari mwenye tahadhari angerudi nyuma ajiulize. Koch aliongeza kipimo, hadi gramu nzima. Wagonjwa wakapata kizunguzungu, matumbo yakawasokota, na wengine wakaikimbia kambi. Zaidi ya watu 20 walipofuka. Aseniki ilikuwa imeiua mishipa inayounganisha macho na ubongo, na hawakuona tena.

Watetezi wake husema kwamba wagonjwa hao wangekufa hata hivyo. Hoja hiyo naifahamu na inanikera. Malale ya Uganda yalichukua miezi, pengine miaka, kumuua mtu, na katika muda huo mtu alikuwa na macho yake, shamba lake, na uwezo wa kuwaaga wanawe akiwaona. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali kuhatarisha hayo. Sindano ya tuberkulini ilipoleta madhara Berlin, Virchow alisimama akasema hadharani, magazeti yakaandika. Bugala haikuwa na Virchow wake. Majina ya waliopofuka hayamo katika ripoti. Wamo kama idadi.

Koch aliondoka mwaka 1907. Kabla ya kuondoka, na baada yake, alipendekeza wagonjwa wakusanywe katika kambi za kuwatenga, misitu ya pwani ya ziwa ifyekwe, na mamba waangamizwe kwa kuwa aliwaona mbung'o wakinyonya damu yao. Upande wa Wajerumani kambi zilianzishwa, mojawapo Kigarama, katika nchi ya Kiziba ya Mukama (mfalme) Mutahangarwa, na atoksili ikaendelea kutumika. Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kutoka ukanda wa ziwa, na hatimaye visiwa vya Ssese navyo vikaachwa tupu.

Kama mbung'o alikibeba kimelea kama sindano chafu tu, au kimelea hukua kwanza ndani yake, jambo hilo halikuamuliwa na Koch. Lilithibitishwa mwaka 1909 na Friedrich Karl Kleine, msaidizi wake aliyebaki Afrika Mashariki akifanya kazi ya polepole ya kulisha mbung'o na kuhesabu siku. Jina la Kleine halikupata nusu ya umaarufu wa bosi wake.

Koch alifariki Baden-Baden Mei 27, 1910. Majivu yake yaliwekwa katika jumba la kaburi lililojengwa ndani ya taasisi yake Berlin, na mwaka 1912 taasisi ikapewa rasmi jina lake. Huko Tokyo mwanafunzi wake Kitasato Shibasaburo alimjengea hekalu. Aliyetamani kukumbukwa alikumbukwa kwa kiwango ambacho Pasteur peke yake ndiye angeweza kushindana nacho.

Aseniki nayo ilibaki. Baada ya atoksili ikaja triparsamidi, ambayo nayo ilipofusha watu, kisha tangu 1949 melasoproli, iliyoua karibu wagonjwa watano kati ya kila mia waliotibiwa, na kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la waliofikiwa na malale ubongoni. Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kuikubali feksinidazoli, dawa ya vidonge isiyo na aseniki, kwa malale ya aina ya Afrika Mashariki. Majaribio yake yalifanyika Malawi na Uganda. Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, mgonjwa alielezwa madhara yanayoweza kumpata, akaachiwa nafasi ya kukataa.