Ndege waharibifu wa majengo

Ndege waharibifu wa majengo ni jina la jumla la ndege wanaojenga viota, kulala au kutafuta chakula katika maduka, maghala, hoteli, masoko na viwanda, wakachafua, wakala mali au wakaeneza magonjwa. Kwa Tanzania wanaotajwa zaidi ni kunguru wa India, njiwa manga, shomoro na kongoti. Popo si ndege, lakini wenye nyumba wengi humtia katika orodha hiyohiyo, kwani uvundo wa dari hauulizi ukoo wa mnyama.

Kunguru wa India

Huyu (Corvus splendens) ndiye aliyeandikwa kuliko wote. Ana urefu wa sentimita 40 hivi, mwili mweusi na shingo ya kijivu, na kwao ni Bara Hindi na nchi jirani. Anaishi karibu na watu karibu kila mahali alipo. Mbali na makazi ya binadamu ni nadra kumkuta. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na baadhi ya vyanzo hutaja 1891, enzi za balozi wa Uingereza Gerald Portal. Kusudi lilikuwa ale taka za mji. Taka alizila kweli, ila pamoja nazo alikula vifaranga vya kuku, mayai ya ndege wa kienyeji na matunda ya wakulima, na kufikia 1917 serikali ya Zanzibar ilikuwa imeshamhesabu kuwa mharibifu. Mombasa alionekana mwaka 1947. Leo yuko katika miji mingi ya pwani, na Dar es Salaam mtu hahitaji saa ya kumwamsha alfajiri.

Kwa mwenye hoteli au mgahawa hasara yake ni ya kila siku: ananyakua chakula mezani, anachafua vitambaa, anachomoa taka kwenye mapipa na kuzitawanya uani. Hujenga kiota juu ya miti na nguzo, na hupenda kutumia vipande vya waya, jambo linaloleta hitilafu za umeme. Jioni hukusanyika kwa mamia kulala kwenye miti ileile, na magari yaliyoegeshwa chini huamka meupe.

Mbinu zilizojaribiwa dhidi yake ni tatu. Ya kwanza ni kuharibu viota na mayai, kazi ngumu kwa kuwa hujenga upya haraka. Ya pili ni mtego mkubwa wa wavu wa waya wenye kunguru hai ndani. Wenzake humwona, huingia kwa juu, na kutoka hawawezi. Mtego hufanya kazi vizuri mwanzoni, kisha kunguru wa eneo hilo hujifunza. Ya tatu ni Starlicide, sumu iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya kwezi. Wahusika kwanza huwazoesha ndege nyama safi kwa siku kadhaa, kisha huwawekea iliyotiwa sumu. Sumu hiyo huharibu figo, na ndege hufa baada ya siku moja au mbili, mara nyingi akiwa kwenye mti wake wa kulala, hivyo wenzake hawahusishi kifo na chambo. Madhara yake kwa mamalia ni madogo kuliko ya sumu nyingi.

Kampeni ya Zanzibar ya miaka ya 1990 ilipunguza kunguru kwa kiasi kikubwa mno. Iliposimama, walirudi. Kenya nayo ilitumia Starlicide kwenye hoteli za pwani, ikasitisha, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likatangaza nia ya kuua kunguru milioni moja. Tangazo kubwa, kwa ndege ambaye chakula chake bado kinamwagwa kila jioni kwenye madampo ya wazi.

Njiwa, shomoro na kongoti

Njiwa manga hupenda kingo za madirisha na mapaa ya maghorofa. Shomoro huingia kwenye maghala ya nafaka kupitia migongo ya bati isiyozibwa. Kongoti, ndege mkubwa mwenye kichwa kisicho na manyoya, ni maarufu Kampala na katika mialo ya samaki ya Mwanza.

Kinga kwenye jengo

Kuziba kunashinda kufukuza. Nafasi kati ya ukuta na paa hufungwa kwa wavu mgumu au saruji, kingo hutengenezwa kwa mteremko, na pale ndege wanapotua huwekwa miiba ya chuma au plastiki. Sidii za kung'aa na sanamu za bundi hutisha kwa siku chache tu. Bundi wa kweli angesaidia kwa kula panya, lakini anachukuliwa kuwa mkosi na hufukuzwa kabla ya njiwa.

Kinyesi kikavu hakifagiliwi. Hulowekwa kwanza, na mfagiaji huvaa barakoa, kwani vumbi lake laweza kubeba kuvu za Histoplasma na Cryptococcus. Hizi za pili ni hatari zaidi kwa mwenye kinga dhaifu ya mwili. Kutega viuatilifu vya shambani ndani ya mahindi, kama wanavyofanya baadhi ya watu, huua kuku na mbwa pia.

Ukanda wa dhahabu

Katika migodi ya Geita na Kahama tatizo hugeuka, maana hapo ndege ndiye anayelindwa dhidi ya kiwanda. Mabwawa ya mabaki ya uchenjuaji yana sianidi, na kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa sianidi inachukulia miligramu 50 kwa lita, kwa sianidi inayoachika kirahisi, kuwa kikomo cha maji yaliyo wazi kwa ndege. Juu ya hapo huhitajika nyavu, mipira ya kufunika maji au njia nyingine ya kuwazuia wasitue.

Runzewe

Katika Mkoa huohuo wa Geita, Runzewe ni mji wa biashara wa Wilaya ya Bukombe, kwenye barabara kuu ya Kahama hadi Lusahunga, penye njia panda ya kwenda Bwanga. Ulikuwa Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Tofauti na pwani, kunguru wa kawaida katika sehemu hizi si wa India bali ni yule wa kienyeji (Corvus albus), mwenye kifua cheupe.